Tone Lililokataa Kukauka

Tone moja lilikataa kukauka. Kioo cha darubini kilikuwa kimeoshwa asubuhi na kuegeshwa ukutani kichuruzike, na jua la Nakivale, ambalo hukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, lilikuwa limekausha kila kitu isipokuwa tone lile. Lilikaa katikati ya kioo, dogo kama punje ya mtama. Madeleine alilifuta kwa pamba. Akageuka kuikamua pamba, akatazama tena, tone lipo. Akalifuta tena, likarudi, na safari hii lilikuja na harufu ya tope la ziwani, lile tope la pembeni ambako samaki waliokufa huozea.

"Papa Eliane," alimwita mumewe, "kuya uone hii kintu."

Ladislas alikuja, akainama, akacheka. "Ni mayi tu, Mama Eliane. Tangu lini mayi inaogopesha mutu?"

Akalifuta kwa pindo la shati. Alikuwa na haraka, hakungoja kuona kama limerudi. Wakakirudisha kioo ndani ya bomba la darubini, wakakaza skrubu.

Nyumba ya nyota, ndivyo watu wa Kashojwa walivyoiita, ilikuwa kilimani juu ya kijiji: kuta nne za matofali na paa la mabati lenye magurudumu, ambalo husukumwa pembeni jioni ili anga ibaki wazi. Darubini yenyewe ilikuwa ya ushirika. Chuo kimoja cha Mbarara kilikuwa na siku zake, shule za kambini siku zao, vijana wa makanisa nao siku zao. Watunzaji walikuwa Ladislas na Madeleine, waliokuja hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini kule Kongo. Wao ndio walioosha, waliopaka grisi magurudumu, waliofukuza nyigu waliojenga ndani ya bomba. Walilala katika chumba kilichoegemea ukuta wa nyumba hiyo, na humo ndimo alimozaliwa binti yao Eliane. Eliane sasa alikimbia vizuri, akapanda hadi mezani, ila hajatamka hata neno moja. Madeleine alilingoja neno hilo kwa hamu iliyomkosesha usingizi. Ladislas alimtania kwamba mtoto ana lugha tatu zinazomgombania, acha achague.

Kioo huoshwa kwa maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, ambayo fundi Mbabazi wa chuoni huyanunua Kakoba, mjini Mbarara, na kuyaleta kwa pikipiki. Madeleine alilijua hilo vizuri. Lakini maneno ya kijijini yalikuwa yamezidi. Nyumba gani hiyo inayovua paa giza likiingia? Na wanaochungulia mbinguni wanamtafuta nani huko? Wazazi wakaanza kuwazuia watoto wao wasipande kilimani. Basi Madeleine akaona dawa ni moja tu. Alishuka hadi kanisani kwa Pasta Musoni, akakuta nyuma ya mlango bidon, yaani dumu, ya bluu imejaa, akajua ni maji ya maombi, akajitwika. Nia yake ilikuwa njema mno hata hakuona haja ya kumwuliza mtu. Kwa maji hayo akakiosha kioo chote asubuhi ile huku akiimba.

Yale yaliyobaki katika beseni hakuyamwaga. Nani anamwaga maji Nakivale, mahali ambapo watu hupigana ngumi kwenye foleni ya bombani? Kabla jua halijatua alimwogeshea Eliane.

Jioni hiyo zamu ilikuwa ya chuo. Mbabazi alitangulia peke yake ili kukipima kioo kabla ya wanafunzi wake kufika kesho yake. Walisukuma paa pamoja, magurudumu yakalia, nyota zikatokea. Mbabazi akakunja pua.

"Ssebo, bwana, hii harufu ni ya nini? Panya amekufa hapa?"

"Ni ya ziwa," alisema Ladislas. "Leo upepo inatoka kule."

Hapakuwa na upepo. Hata majani yalikuwa yametulia. Ladislas aliweka jicho lake la kulia kwenye tundu la kuchungulia, kama alivyofanya kila jioni, akazungusha gurudumu dogo la kulengea.

"Fundi," alisema polepole, "iko kintu mbele ya nyota."

"Wingu?"

"Hapana. Inapepesa."

Mbabazi alicheka kidogo. Ladislas hakucheka. Mikono yake iliachia gurudumu, ikaning'inia, lakini jicho halikutoka kwenye tundu. Madeleine aliingia na birika la chai wakati huohuo, akaona mgongo wa mumewe ukitetemeka.

"Fungua," sauti ilisema.

"Paa liko wazi, ssebo," alijibu Mbabazi, akidhani ni Ladislas.

"Fungua."

Sasa Mbabazi na Madeleine walisikia kwamba sauti ilitoka ndani ya bomba, nzito, kama ya mtu anayesema maji yamemjaa kinywani. Mbabazi alimshika Ladislas bega amvute. Hapo Ladislas aligeuka, na jicho lake la kulia lilikuwa jeusi lote, halina weupe hata chembe, na kutoka humo tope lilikuwa linachuruzika shavuni.

Alichomoa lile pande la chuma linalosawazisha uzito wa darubini, chuma ambacho siku zote walikibeba wawili, akakipiga nalo kiwiko cha Mbabazi na mfupa ukavunjika kwa mlio ambao Madeleine aliusikia juu ya ukelele wa mwenye mkono, akapiga tena na kukosa na tofali likapasuka, na paa ambalo hakuna aliyeligusa likaanza kukimbia juu ya reli zake, linafunga, linafungua, linafunga, mabati yakipiga ukuta hadi vumbi likadondoka, huku Ladislas akiokota bisibisi sakafuni na kuielekeza usoni kwake mwenyewe, taratibu, kwa uangalifu uleule anaokazia skrubu, akiingiza ncha yake chini ya kope la jicho jeusi na kusema kwa sauti ile isiyo yake, fungua, fungua, fungua.

Madeleine alimrukia. Birika lilianguka, chai ikawaunguza wote wawili miguu. Alimng'ang'ania mkono kwa uzito wake wote, na Ladislas, mume ambaye hajawahi kumwinulia hata sauti, alimng'ata bega hadi meno yakakutana ndani ya nyama. Madeleine hakuachia. Alilia jina lake, akamwomba, akamtukana, na hakuachia.

"Kamba!" alipiga kelele. "Fundi, lete kamba ya paa!"

Mbabazi, akiburuta mkono wake uliovunjika, aliileta kwa mkono mmoja. Wakamfunga Ladislas kwenye nguzo ya zege inayobeba darubini, wakamviringisha mara nyingi tangu miguuni hadi kifuani. Kamba iliingia nyamani na damu ikatoka, lakini hakuonekana kusikia maumivu. Alikaa anatabasamu, na kila alipopepesa, tope lilimwagika.

Hawakuthubutu kumwacha. Mwenye gari la kumpeleka Mbabazi hospitali alisema atafika mchana, basi Madeleine alimfunga mkono kwa vijiti viwili na kitenge chake, akampigia simu Pasta Musoni, akamweleza habari ya sauti ile na tone la kiooni. Eliane alikuwa amelala chumbani. Kelele zote zile hazikumwamsha.

Pasta alipanda kilima alfajiri, amekunja suruali kwa umande. Alimtazama Ladislas mara moja tu, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Mama Eliane," alinong'ona, "kioo muliosha na mayi gani?"

"Ile yenu ya maombi, Pasta. Ilikuwa mu bidon ya bulu, nyuma ya mulango."

Pasta alishika ukuta.

"Ile haikuwa ya maombi," alisema. "Ile tulioshea Pascaline."

Hakuna wa Kashojwa asiyemjua Pascaline muuza samaki. Jini la ziwani lilimpanda hadi akaling'oa kwa meno sikio la jirani yake na kulimeza mbele ya watu. Pasta na wazee walimwombea usiku kucha, wakamwosha, na jini likamtoka likaingia majini. Aliyepewa kazi ya kuyamwaga maji hayo kwenye udongo mkavu, jua likiwa kali, ni shemasi.

"Sasa juu ya nini hakumwanga ile mayi?" aliuliza Madeleine.

"Alisema ni mayi mingi, ni zambi kuitupa. Atafyatulia matofali." Pasta alifuta uso kwa kiganja. "Na ile kintu inaingilia mu macho ya batu, mama. Kwa Pascaline pia ilikuwa inasema 'fungua' vilevile. Ikilala siku ya pili ndani ya mutu, haitoki naye muzima."

"Inatoka namna gani?"

"Jua. Jua ifike kwa tone ya mwisho. Ikibakia hata moja, tumefanya kazi ya bure."

Madeleine aliinua macho kwenye darubini. Lile tone lilikuwa mle ndani, katikati ya kioo, na jua la kawaida lilikuwa limeshindwa nalo. Katika nyumba ile palikuwa na sheria moja ambayo hata watoto wa shule waliimba kama wimbo, kwamba darubini hailengwi juani kamwe. Kioo kile hukusanya mwanga, na mwanga wa jua ukikusanywa huchoma.

Mbabazi aliyasoma mawazo yake. "Nyabo, mama, hapana! Kioo kitapasuka. Hii si mali yako peke yako, ni ya watu wote."

"Mume ni wangu peke yangu," alisema Madeleine.

Jua lilipopanda alisukuma paa mwenyewe. Paa lilimkatalia, likasukuma kurudi, naye akaliegemea kwa bega lile lenye jeraha hadi damu ikalowesha gauni. Mbabazi alimtazama, akalaani kwa Kinyankore, kisha akaja kusaidia kwa mkono wake mzima. Paa likaondoka. Madeleine akashika bomba kwa mikono miwili, na Ladislas pale nguzoni akaanza kulia kwa sauti yake halisi, sauti ya mumewe.

"Mama Eliane, usifanye hivi. Ni miye. Unaniua."

Madeleine aliliachia bomba. Alimpenda mtu huyu. Alikuwa amemvusha mpaka wa nchi akimbeba mgongoni, mume akiwa na homa, watu wakiwacheka.

"Si yeye!" alisema Pasta, akianza kuomba kwa nguvu. "Geuza, mama, geuza!"

Akageuza. Bomba liliangalia jua, na mara moshi ukatoka kwenye tundu la kuchungulia, kisha ulimi mweupe wa moto, na ndani ya bomba kitu kikaanza kuchemka kwa mlio wa mafuta kikaangoni, ukapanda ukawa ukelele, ukelele wa mwanamke na wa mbwa na wa mtu anayezama kwa pamoja, na Ladislas akajipinda ndani ya kamba hadi mbavu zikalia, akagonga kisogo nguzoni, akagonga tena, jicho lake jeusi likavimba likatoka nje ya kope, likapasuka, na lililomwagika kutoka humo halikuwa damu bali maji ya ziwa, mengi, yanayonuka, yakianguka juu ya zege lenye joto na kupaa kama mvuke. Kisha kioo kikapasuka vipande viwili na kukawa kimya.

Tope likakauka. Harufu ikaisha. Ladislas aliinua uso wenye shimo la damu upande mmoja na jicho moja jema upande wa pili, akamtazama mkewe.

"Bega yako," alisema. "Nani amekuuma?"

Madeleine alilia kwa furaha bila kuona haya. Pasta alikusanya vipande vya kioo, akavitandaza juani, akavigeuza huku na huku. Hapakuwa na unyevu wowote.

"Tone ya mwisho imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha, Pasta. Mungu asifiwe," Madeleine alijibu.

Ladislas alilazwa Mbarara, katika hospitali ileile alikofungwa plasta Mbabazi, kisha akaruhusiwa kurudi na bandeji jichoni. Chuo kilinuna, kikaahidi kutafuta kioo kingine. Hata wale waliosema ni uchawi walileta ndizi na maharagwe. Ladislas alisema jicho moja linatosha, kwani hata kwenye darubini watu huchungulia kwa moja, na Madeleine akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mchana mmoja Madeleine alimwacha mumewe amelala kitandani, Eliane akicheza kando yake, akatoka kuanua nguo. Kwenye kamba, kando ya shati la Ladislas, kilining'inia kigauni cha Eliane alichokifua juma lililopita. Alikishika. Kilikuwa kinachuruzika maji.

Alisimama hapo na kigauni mkononi, jua limemkalia kichwani, na harufu ya tope ikampanda puani. Akalikumbuka beseni. Akakumbuka mikono yake mwenyewe ikiteka yale maji na kuyamimina juu ya kichwa cha mtoto, mtoto akifumbua macho na kucheka.

Alikimbia. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa ndani, na komeo lile lilikuwa juu, asikofika mtoto. Aliupiga kwa ngumi, akaupiga kwa bega, ubao ukatoa ufa, akachungulia.

Eliane alikuwa amekaa juu ya kifua cha baba yake. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Alikuwa ameweka vidole viwili juu ya kope la jicho lile lililobaki, na mkono wa pili ulishika bisibisi. Ladislas alikuwa bado usingizini.

Ndipo mtoto alipotamka neno lake la kwanza, kwa sauti nzito, kinywa kimejaa maji.

"Fungua."