Uzi Mlangoni mwa Mzingile

Alfajiri mlinzi alikuta lango la Mzingile, lile jumba la njia za kupotezana, liko wazi. Vijana walioingizwa jana waliwe na Fahali wa chuma, kama ilivyo amri kila mwaka, hawakuwemo. Kilichobaki ni uzi mwekundu, umefungwa kwenye komeo na kutambaa mpaka ndani kabisa.

Mkuu wa Mji akamwita Mpelelezi, mama wa maneno machache.

"Mfumaji nimeshamkamata. Uzi mwekundu anao yeye tu. Jua likizama, Fahali atamla yeye. Wewe niletee ushahidi."

Mpelelezi akamfuata Mfumaji mahabusu na kipande cha uzi. Akauvuta, ukanyooka. Akauachia, ukajikunja vijiwimbi. Akakumbuka kitendawili cha bibi yake: nimevuliwa umbo, sijasahau nilivyokaa.

"Mzee wangu, huu haukutoka dukani kwako. Ni wa nguo iliyofumuliwa. Na nyekundu huvaliwa na nyumba ya Mkuu peke yake."

Mfumaji akatazama ukuta. "Mimi nimekula chumvi nyingi, mwanangu. Andika ni mimi, yaishe."

"Unamficha nani?"

"Mtoto."

Adhuhuri, bati likichemka kwa jua, Mpelelezi alimkuta Binti wa Mkuu sebuleni kwa baba yake, amejifunika blanketi.

"Unaumwa, binti?"

"Baridi tu, shangazi."

"Baridi gani hii yenye jasho? Lile sweta lako jekundu liko wapi?"

"Mwache mwanangu," alisema Mkuu.

Binti akaliachia blanketi. Juu ya gauni, sweta lilikuwa limebaki kola na mkono mmoja.

"Uzi nilimpa mwenzangu wa dawati awaongoze wenzake kutoka, na komeo nikalifungua usiku. Kila mwaka, baba, dawati langu hubaki na mtu mmoja. Wewe huniambia nina bahati. Nimechoka na hiyo bahati."

Mkuu akamgeukia Mpelelezi, sauti chini. "Tuyafunike haya. Mfumaji ni mzee, siku zake ameshazila."

Binti hakungoja jibu. Alishuka ngazi, akakatiza sokoni na sweta lake la mkono mmoja, watu wakimpisha, hadi mahabusu.

"Mfungulieni babu. Aliyewatoa ni mimi."

"Kweli tupu," alisema Mpelelezi nyuma yake. "Na ushahidi ameuvaa."

Mkuu akafika akihema, akaamuru binti akamatwe. Walinzi nao walikuwa na watoto, hakusogea mtu. Yule wa alfajiri akageuza ufunguo.

Mfumaji akatoka, akamkagua binti juu hadi chini.

"Twende dukani, mjukuu wangu. Ukitembea hivyo watu watasema sijui kazi."