Kona ya Juu ya Shamba la Nyanya

Kila asubuhi ya likizo, Wakesho aliamshwa na mlio wa ndoo. Nyanya yake, Jedidah, hakungoja jua. Huko Werugha, juu milimani, jua lenyewe huchelewa, na ukungu hulala juu ya sukuma wiki mpaka saa nne. Wakesho, msichana wa Voi aliyezoea joto na vumbi, alijikunyata ndani ya sweta akamshika ng'ombe mkia huku Nyanya akikama. Kisha chai, kisha kukata nyasi. Kazi hizo hakuzichukia hata kidogo. Kilichomnyima raha ni jabali lililokuwa juu ya shamba.

Chini ya jabali palikuwa na pango, na ndani ya pango yalipangwa mafuvu ya wazee wa ukoo, kama Wadawida, yaani Wataita, walivyofanya zamani. Nyanya, ambaye Jumapili hakosi kanisani, aliyaita "wazee" tu, kana kwamba wamekaa pale wanaota moto. Wakesho hakuwahi kufika huko. Hata akikata nyasi alihakikisha halipi jabali kisogo.

Siku moja alikuja Bwana Hudson, mpimaji wa ardhi. Serikali ilikuwa inaingiza ramani za mashamba kwenye kompyuta, ili watu wasishinde kwenye foleni wakitafutiwa faili.

"Mama, goti lako halitakuruhusu kupanda," alimwambia Nyanya. "Wewe kaa hapa tuchukue alama za vidole, msichana azunguke mpaka. Wakesho, simu hii inajua mahali ilipo. Ukifika penye jiwe la mpaka, simama, ubonyeze kitufe hiki cha kijani. Kona ya juu uwe makini nayo, ni yenu na ya jirani yenu Sylus. Alama moja itatumika kwa mashamba yote mawili."

"Jiwe la juu liko nyuma ya pango," Nyanya akaongeza. "Wapite wazee, uwasalimie, utaliona."

Kona za chini hazikumsumbua. Alibonyeza kijitoni, akabonyeza kando ya barabara, simu ikalia kila mara. Kisha akaanza kupanda. Ukungu ulizidi. Alipolikaribia jabali alisikia: to... to... to. Nani anagonga? Kati ya majani aliona mdomo wa pango, na ndani yake kitu cheupe, kisha kingine, kisha macho. Macho gani! Yalikuwa matundu matupu, lakini yalimtazama yeye. Pale pale njiani, mbali na jiwe, alibonyeza simu bila kuiangalia akateremka mbio, mguu niponye.

"Umefika kwa wazee?" Nyanya aliuliza.

"Nimefika."

"Umewasalimia?"

"Nimewasalimia, Nyanya."

Utasema ni uongo mdogo tu. Ngoja kwanza.

Tangu siku hiyo ule mlio, to... to... to, ulimfuata. Aliusikia bombani. Aliusikia maziwa yakidondoka ndooni, na hata kanisani, katikati ya sala. Kisogoni alihisi macho. Ugali alianza kuuacha sahanini, na Nyanya alipomuuliza ana nini, alijibu kwamba hana kitu.

Kisha ujumbe uliingia kwenye simu ya Nyanya: ramani iko tayari, anayeona kosa alalamike kabla ya mwezi kwisha. Wakesho ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba. Aliifungua ramani. Mstari wa mpaka ulipita chini ya jabali. Pango lote lilikuwa upande wa Sylus.

"Inasemaje?" Nyanya aliuliza.

"Iko sawa," alisema. Maskini, uongo wa kwanza ulikuwa umeshazaa wa pili.

Haukupita muda, watu wageni walionekana juu wakipaka jabali alama nyekundu. Sylus mwenyewe alikuja, kofia mkononi.

"Mama Jedidah, hata mimi nilishangaa," alisema. "Lakini ramani imesema jabali ni langu, na hawa watu wa kokoto wako tayari kulipasua. Wazee tutawahamisha kwa heshima."

"Niwahamishe wapi?" Nyanya aliuliza. Akaketi chini kwenye udongo, akalia. Wakesho hakuwahi kumwona akilia.

Habari zilienea kijijini. Bwana Hudson aliitwa, na alipofika, majirani walimzingira uani.

"Ni hizo kompyuta zenu!" mmoja alifoka. "Zimemwibia mama wa watu!"

"Leo utatueleza!" wengine walipaza sauti, wakisogea. Bwana Hudson alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa zizi la ng'ombe. Jasho lilimtoka.

Wakesho alijua kwamba akinyamaza, kompyuta italaumiwa, na hakuna atakayemuuliza yeye kitu. Mlio ukaanza tena, sasa kifuani mwake, to, to, to, kwa kasi.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Sikufika kwenye jiwe! Niliogopa, nikabonyeza njiani!"

Majirani waligeuka. Nyanya alimtazama kwa muda mrefu, na mtazamo ule ulimwuma kuliko kiboko.

"Mwezi haujaisha," Bwana Hudson alisema, akijifuta uso. "Kosa linaweza kurekebishwa. Lakini alama ichukuliwe upya, penye jiwe lenyewe."

"Nipe mkono," Nyanya akamwambia Wakesho. "Tunapanda."

Walipanda polepole, goti likimsumbua Nyanya kila hatua, Bwana Hudson na Sylus wakifuata. Pangoni, tone la maji lilianguka kutoka darini juu ya jiwe. To. Kumbe ni maji tu! Lakini mafuvu yalikuwa pale, na la mwisho lilielekea njiani, mahali hasa aliposimama siku ile.

"Wazee, huyu ni mjukuu wangu Wakesho," Nyanya alisema. "Ni yule aliyewakimbia."

"Shikamoo," Wakesho alinong'ona. Akawapita. Jiwe la mpaka lilikuwa nyuma yao, limeota kuvu. Alisimama juu yake, akabonyeza. Simu ikalia.

Bwana Hudson aliwaonyesha mstari mpya kwenye simu, pango likiwa upande wa Nyanya. Sylus aliutazama, akakubali kwa kichwa, akateremka kuwarudisha wale watu wa kokoto.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Nyanya alisema. "Kuogopa si kosa, hata mimi niliogopa nikiwa mdogo kama wewe. Ungesema, tungepanda pamoja. Lakini siku ile simu iliandika mahali uliposimama. Wazee nao walikuona uliposimama. Ni wewe peke yako uliyesema ulikuwa kwingine."

Wakesho alichota maji ya pangoni, akaanza kusugua ile alama nyekundu kwa kitambaa. Sehemu ilitoka. Sehemu ipo hadi leo.