Kila Jumanne Alirudi na Nyanya

Seremala na mkewe, fundi cherehani, waliimba kwaya moja kanisani. Mke alikuwa na mimba ya miezi sita. Kila Jumanne alibeba kadi yake ya kliniki na kuondoka. Baada ya saa moja alirudi na nyanya.

"Wamesemaje?" mume aliuliza.

"Salama tu."

Haya, niambieni, kliniki gani hiyo inayogawa nyanya?

Siku moja seremala alitafuta penseli mkobani mwa mkewe, akaiona ile kadi. Akaifungua. Makubwa! Nyeupe pe! Hakuna uzito, hakuna presha, hata tarehe moja hakuna. Sasa huyu huenda wapi? Mawazo mabaya yalimjia, mengine ya aibu kuyasema. Jumanne iliyofuata akamfuata nyuma polepole.

Mke alifika langoni mwa kliniki, akasimama. Akaanza kutetemeka mwili mzima. Kisha akageuka, akaenda zake sokoni.

Seremala alichanganyikiwa. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yao, mkunga wa kliniki hiyo, akamsimulia aliyoyaona.

"Shemeji," mkunga aliuliza, "yule mtoto wenu wa kwanza, mkeo aliwahi kukusimulia alivyojifungua?"

"Mtoto alifariki. Nilimwambia asilie, ni mapenzi ya Mungu. Basi, hatukuongea tena."

"Miaka mitatu yote?"

"Nilidhani namfariji."

"Ulimfunga mdomo, shemeji. Mtu akipatwa na jambo la kutisha, mwili hausahau. Harufu ya dawa tu inaweza kumrudisha siku ile. Moyo unakwenda mbio, miguu inagoma. Si kwamba imani yake ni haba. Sali naye, ndiyo. Lakini kwanza muulize, halafu nyamaza usikilize."

Seremala alimkuta mkewe akishona. Akavuta kigoda.

"Mke wangu, siku ile mle kliniki kulitokea nini? Sijawahi kukuuliza."

Cherehani ilinyamaza.

"Walivuta pazia," mke alisema. "Hakuna aliyeniambia kitu. Nilingoja mtoto alie. Nilingoja, nikangoja."

Mahubiri yalimjaa seremala mdomoni. Akayameza yote. "Nisamehe," alisema, na wote wawili wakalia.

Jumanne walikwenda pamoja. Langoni mke alisimama. Mume hakumvuta, alisimama naye mpaka mkunga akaja kuwapokea.

"Pazia litabaki wazi," mkunga alisema. "Sasa nakufunga kipimo hiki cha presha mkononi. Kitabana kidogo. Ukisema basi, naacha."

Presha ilikuwa juu.

"Mmewahi," mkunga alisema. "Mngechelewa, hii ingeweza kuwaua mama na mtoto." Alimpa dawa, akamwambia arudi kila wiki. Na kweli alirudi, mumewe ubavuni.

Miezi mitatu baadaye msichana alizaliwa salama, akapiga kelele mpaka wauguzi wakacheka. Seremala alimpakata, akafumba macho, akasali.

"Baba, asante kwa watoto wetu wawili." Akawataja kwa majina, akianza na yule aliyefariki.

Mke alimshika mkono kwa nguvu. Tangu msiba ule, hakuwahi kumsikia mumewe akilitamka jina la mtoto yule.