Mtani wa Yadi ya Temeke

"Bomu limeshaingia yadini," redio ya Motorola ilikoroma. "Kabeba kuli mpya. Winchi ikilipuka, mpango wa reli umekufa. Na makuli nao."

"Nimepata," Gozbert akajibu, akaificha redio chini ya magunia.

Pale yadini hawakumjua Gozbert. Walimjua Mwishehe, Mzaramo wa kupima mizigo, kumbe mtu ni wa Bukoba. Serikali ilitaka shehena ya Zambia ishuke kwenye malori ipande treni, mafuta yaokolewe na barabara zipumue. Mabeberu wa kusini hawakutaka kusikia. Basi jasusi akapewa jina la watu, na chumba Mtoni alikokula peke yake na kulala peke yake. Upweke ulimtafuna. Maneno matamu aliyoyapata ni matusi ya Fransis, kuli wa Kinyamwezi, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani.

Chini ya winchi alisimama kuli mgeni, kikapu cha chakula mkononi.

"Kwenu wapi, ndugu?"

"Tabora. Mie Mnyamwezi."

Gozbert akakinyakua kikapu. "Mtani wangu! Leo unashinda njaa, mihogo yako nakula mie!"

Mnyamwezi wa kweli angecheka, kisha angemtukania ukoo mzima. Huyu alikauka. Mkono ukaenda kiunoni.

Hapo ndipo alipojichongea.

Browning ya Gozbert ikamtangulia. Risasi ya bega. Bastola ya mgeni ikadondoka, askari wa getini wakamrukia.

Chini ya mihogo, saa ilikuwa ikigonga.

"Fransis! Ondoa watu!"

Gozbert alitimua mbio hadi shimo la majivu ya garimoshi, akakitupa kikapu, akajilaza nyuma ya behewa.

Ardhi ikaruka.

Winchi ilibaki imesimama. Katika wingu la majivu Gozbert akapenya uani, ambako Peugeot 404 ilikuwa inanguruma.

"Amri ya mkuu," dereva alisema. "Kazi ikiisha, Mwishehe atoweke. Basi kafia shimoni. Wewe unahamia Kigoma."

"Nimuage mtu mmoja tu."

"Marehemu haagi, afande."

Ng'ambo ya ua, Fransis alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, akitimiza wajibu wa mtani kwa maiti.

"Toka humo, Mzaramo mvivu! Hata kufa umechagua saa za kazi!"

Makuli wakacheka. Kisha sauti ya Fransis ikakatika, akalia kama mtoto.

Jibu lilimjia Gozbert ulimini, tusi zuri, la kumnyamazisha Mnyamwezi yeyote. Akalimeza. Akapangusa majivu shatini, akaingia garini.

"Twende."