Singo ya Mjomba Seifu

Kila alipotoka shule, Kuruthumu alimsaidia bibi yake kutwanga singo, ule unga wa liwa, karafuu na waridi wa kusugulia ngozi za maharusi. Waliishi mtaa wa Gerezani, na maharusi wengi wa Kariakoo walimjua Bibi. Safari hii harusi ilikuwa ya nyumbani. Mjomba Seifu, muuza vipuri, alikuwa anaoa.

Mjomba alikuwa na upara. Miezi michache nyuma alisafiri kwenda kupandikizwa nywele, akarudi na kofia asiyoivua hata wakati wa kula. Siku moja Bibi alipokwenda sokoni, Mjomba alimwita Kuruthumu uani.

"Chota singo kidogo, mwanangu, unisugue kichwa. Usimwambie mtu."

Akavua kofia. Nywele zilikuwa zimeota kweli, lakini ngozi ilikuwa na vinundu vinundu, kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kuruthumu alishangaa. Mtu afuate uzuri mbali kote huko, arudi hivi?

"Mjomba, unaumwa?"

"Siumwi. Wewe sugua tu, ilainike."

Akasugua. Kesho yake kichwa kilivimba, kikaanza kutoa usaha.

"Sugua tena," Mjomba alisisitiza. "Harusi imekaribia."

Jioni Bibi akauliza, "Nani amechota singo yangu?"

Kuruthumu alichanganyikiwa. Akisema kweli, anamsaliti Mjomba. Akinyamaza, anamdanganya Bibi, na kichwa kinazidi kuharibika. Wakubwa wawili, amsikilize yupi? Machozi yakamtoka.

"Ni mimi, Bibi. Kichwa cha Mjomba kinaoza!"

Asubuhi Bibi alimkokota mwanawe hospitali, Kuruthumu nyuma yao. "Bwana harusi kataka singo!" alimtania njia nzima.

Daktari alimkagua taratibu. "Baadhi ya watu hutokewa na vinundu hivi baada ya kupandikizwa nywele. Vingi hupungua, vingine huenda vikabaki. Lakini usaha huu umeletwa na kusugua. Ungekuja mapema." Akampa dawa.

Walipotoka, Mjomba alimtazama Kuruthumu. "Umetoboa siri yangu, wewe."

"Nisamehe, Mjomba."

"Hana kosa," Bibi alidakia. "Mjukuu wangu, siri inayomuumiza mtu haifichwi, hata ukipewa na mkubwa. Na wewe Seifu, mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua," Mjomba alimalizia kwa aibu.

Akavua kofia pale pale barabarani, akamkabidhi Kuruthumu, wakarudi nyumbani kwa kupita katikati ya Kariakoo, kichwa wazi.