Kahawa Iliyonuka Dagaa

"Onja mwenyewe!" Mama Agness alisukuma kikombe kidogo mezani mpaka kikamwagika. "Onja, halafu uniambie ulichoniuzia ni kahawa au supu ya dagaa."

Onesmo hakukigusa. Alikuwa ametoka dukani kwake Musoma kwa pikipiki mpaka hapa Mwitongo, Butiama, baada ya kupigiwa simu za hasira tangu asubuhi. Vumbi lilikuwa bado limemkaa kwenye nyusi.

"Mama, mimi siuzagi samaki," alisema. "Punje zile zimetoka Tarime na zimekaangwa juzijuzi. Labda uliziweka karibu na dagaa."

"Kahawa imekaa kwenye kopo jipya! Lina mfuniko! Usinifanye mtu asiye na pua."

Agness, msichana wa darasa la sita, alikuwa anaosha vikombe kwenye beseni karibu na mlango. Kikombe kimoja alikisugua, akakisuuza, akakisugua tena. Kaka yake Mugeta, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, alicheka.

"Wageni wakionja hiyo wataomba na ugali kabisa," alisema.

"Mugeta, nyamaza!" mama alimfokea.

Wageni ndio waliomtia mama wasiwasi. Alikuwa akikodisha vyumba viwili vya nyumba yake kwa watu wanaokuja kutembelea Butiama. Wengi waliulizia espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo. Yeye aliwapa kahawa ya unga ya dukani, wakanywa nusu na kuiacha. Hatimaye alikwenda kwa Onesmo kununua mashine. Pale dukani macho yake yalivutwa na moja ya umeme, yenye taa za bluu.

"Kwenu umeme ukikatika hiyo inakuwa pambo," Onesmo alimwambia. "Chukua hii ndogo ya kubonyeza kwa mkono, halafu pesa inayobaki nunua kisagio kizuri. Kahawa isagwe siku ileile na isagike sawasawa. Ikiwa na chenga, maji yanapita mbio. Ikiwa vumbi tupu, hayapiti."

Mama alikubali. Akanunua mashine, kisagio cha mkono na pakiti ya punje.

Kazi ya kusaga aliachiwa Agness. Kisagio kilikuwa kizuri kweli, lakini kigumu. Kila siku, akishatoka shule, akishateka maji na kufagia, alikibana katikati ya magoti na kuzungusha mpini mpaka kiganja kikawaka moto. Alichopata kilitosha vikombe viwili tu. Jana, mama alipokwenda msibani, Agness aliitazama pakiti, akautazama na mkono wake. Kisha akakivuta kinu ambacho walikitumia kutwangia dagaa wa kuku. Alikipangusa kwa kitambaa, akamimina punje zote, akatwanga, akajaza kopo. Alijiona mjanja. Hatagusa kisagio wiki nzima!

Sasa wageni wanne walikuwa wanategemewa jioni, na mama alikuwa ameshaamua.

"Funga mashine yako, na kisagio chako," alimwambia Onesmo. "Na nitapita kwa kila mwenye vyumba vya wageni, kuanzia Bunda mpaka Musoma, niwaambie wasikusogelee."

"Mama, hii biashara ndiyo kwanza naianza. Ukisema hivyo nimekwisha."

"Ungelifikiria hilo mapema."

Onesmo aliibeba mashine nje, akaanza kuifunga kwa mpira kwenye kiti cha pikipiki. Agness alimtazama. Mashine ikiondoka, kisagio nacho kinaondoka, na kiganja chake kinapona. Alichotakiwa kufanya ni kuendelea kuosha kikombe. Mpira ulimponyoka Onesmo, mashine ikainama. Aliidaka, akaanza kufunga upya bila kusema neno. Afadhali angetukana, Agness aliwaza. Aliweka kikombe chini.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Kahawa sikuisaga. Niliitwanga kwenye kinu cha dagaa."

Mugeta aligeuka kumtazama.

"Yote?" mama aliuliza.

"Yote."

"Agness! Nimesimama hapa namtukana mtoto wa watu, na wewe unanisikia! Unaosha kikombe!"

"Niliogopa."

"Uliogopa mimi nikufokee, hukuogopa yeye akose riziki?"

Mama alitoka nje kwa hatua nzito.

"Onesmo, fungua huo mpira. Nimekukosea. Nilipaswa kuuliza kwanza nyumbani kwangu." Aliyasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Yameisha, mama," Onesmo alisema. Alitoa pakiti nyingine kwenye begi lake. "Ila hicho kinu kikae mbali nami."

Agness alikaa na kisagio, akazungusha. Mara ya kwanza maji yalipita mbio, kahawa ikatoka nyepesi kama chai ya rangi. Mama alisonya. Onesmo alikaza skrubu ya kisagio, Agness akasaga tena huku machozi yanamlenga. Safari hii kahawa ilitiririka polepole, nzito, na povu la kahawia juu yake. Mama alionja, akakunja uso.

"Chungu."

"Ndivyo inavyotakiwa," Onesmo alisema.

"Lakini hainuki." Mama alimgeukia Agness. "Nipe mkono." Aliyatazama malengelenge kiganjani. "Mbona hukunionyesha?"

"Ungesema mimi mvivu."

"Ningesema, kweli. Lakini sikiliza, mwanangu. Kazi ikikushinda, sema. Nitafoka, halafu nitanyamaza, na tutatafuta namna. Ukificha, kosa lako linamwangukia mtu ambaye hata hakuwepo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Vizuri. Na mimi nilikosea kukutwisha kazi hii peke yako. Kuanzia leo kila mtu humu ndani anasaga."

"Hata mimi?" Mugeta aliruka kutoka kwenye ndoo. "Mama, mimi kahawa hata sinywi!"

"Kwani Agness anakunywaga? Osha mikono."

Mama alivuta kigoda, akakibana kisagio katikati ya magoti, akamimina punje na kuanza kuzungusha.