Mgonjwa Wangu wa Mazoezi

— Nyamaza! Umezimia wewe. Aliyezimia haombi chai.

King'ora akafumba macho tena, kalala chali kwenye sakafu ya sebule yangu, kiatu kimoja kimevuliwa, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. King'ora ni jina la kazini, anaendesha gari la wagonjwa. Kwangu ni mchumba, na harusi ilikuwa imebaki miezi miwili. Wiki tatu nzima, kila jioni, alikuwa mgonjwa wangu wa mazoezi. Leo kavunjika mguu, kesho kaungua, keshokutwa kaangukiwa na ukuta.

Mimi napiga magoti na kutangaza kila ninachofanya. Kwenye mtihani wa vitendo wa wahudumu wa dharura sheria ni moja: usiposema, hukufanya. Mwaka jana nilitazama kama eneo ni salama, nikaona ni salama, nikakaa kimya. Wakanifelisha kwa hilo tu. Safari hii kikosi cha zimamoto kimeniwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Nikikosa cheti anapewa mwingine, na mimi narudi kuuza nguo kwa shangazi.

— Eneo ni salama, nimevaa glavu, napima mapigo ya moyo.

Nikamshika mkono, macho kwenye saa. Sabini na mbili. Safi kabisa. Mara simu yake ikalia mezani, jina likatokea: Fundi Matairi. Nawaambia, moyo wa yule mwanaume ulikimbia chini ya vidole vyangu!

— Mia moja na kumi na nane, nikatangaza. Huyu fundi anakutia presha hivi kwa matairi gani?

— Iache tu, nitampigia baadaye.

— Aliyezimia hapigi simu. Napokea mimi.

Akakurupuka, lakini kwa mguu ule wa bandeji angenikimbiza wapi? Nikaweka spika.

— Haloo, kaka, ikasema sauti ya kike. Mimi karani wa ofisi ya mitihani. Jina la mchumba wako nimeshalitoa kwenye orodha ya kesho, kama alivyoomba kwenye ile barua. Atafanya baada ya miezi sita. Mpe pole ya ugonjwa, eeh?

Nikakata. Nilikuwa nimejiandaa kwa mchepuko. Mungu anisamehe, nilitamani ungekuwa mchepuko.

— Naumwa nini?

Akaanza kuchezea bandeji mguuni.

— King'ora, nakuuliza! Umeandika naumwa nini?

— Mgongo.

— Mgongo! Mgongo wangu umepinda kwa kukunyanyua wewe! Barua umepeleka lini?

— Jumatatu.

— Leo Ijumaa! Siku nne unalala hapa, unalia "oh, nakufa," nakufunga, nakufungua, na unajua mtihani sina?

— Nisikilize, mpenzi...

— Mpenzi wako nani? Mimi mgonjwa wa mgongo. Toka.

— Ile kazi siyo kama unavyoifikiria...

— Toka nje kabla hujavunjika kweli!

Akatoka, kiatu mkononi. Kwa hasira nilisahau hata kuvua glavu. Baada ya nusu saa ukaingia ujumbe: "Nisamehe. Nilifanya kwa sababu nakupenda."

Nikajibu: "Bandeji yangu irudi. Na kesho saa moja kamili uwe ofisi ya mitihani, ukaseme kwa mdomo ulichoandika kwa mkono."

Asubuhi nilimkuta keshafika, macho mekundu. Msimamizi wa mtihani ni mama mmoja mkavu, watahiniwa tunamwita Mama Sekunde kwa jinsi asivyotoa macho kwenye saa yake. Akaisoma barua.

— Sahihi ya nani hii?

— Yangu, mama, King'ora akasema. Nilighushi. Haumwi popote.

Karani kule nyuma akajifanya anatafuta faili. Mama Sekunde akavua miwani.

— Ungekuwa mtahiniwa ningekufukuza. Binti, zamu ya mwisho ya leo bado ina nafasi. Ila wagonjwa wa kuigiza wote wana watu wao.

— Mgonjwa ninaye, nikasema, nikamnyooshea kidole King'ora. Alale chini.

Akapewa karatasi ya kusoma: alipata kizunguzungu, kaanguka kwenye ngazi, kavunjika mkono. Akalala. Saa ikaanza.

— Eneo ni salama! nikapaza sauti hadi waliokuwa uani wakageuka. Nafunga mkono uliovunjika.

— Unanibana, akanong'ona.

— Mgonjwa anasema inabana. Nalegeza. Kidogo. Baba, kabla hujaanguka, nini kilitokea?

Alitakiwa aseme kizunguzungu. Akanitazama.

— Mwezi uliopita mwenzangu wa zamu aligongwa na gari akiwa kapiga magoti barabarani, anamfunga majeruhi. Mimi nipo kwenye usukani, naona. Mpaka leo hajasimama. Kila ukipiga magoti pale sebuleni nakuona wewe. Niliogopa.

— Hilo halimo kwenye karatasi yako, kijana, akasema Mama Sekunde.

Mnadhani hasira yangu iliisha? Ilizidi. Mwezi mzima mtu analala na jambo kama lile, mimi nipo, hasemi! Machozi yalinijaa, lakini sekunde zilikuwa zinakwenda.

— Mgonjwa ana hofu, nikasema kwa sauti. Namshika mkono. Naendelea.

Nilipomaliza, Mama Sekunde akabonyeza saa, akapiga muhuri.

— Umefaulu. Hiyo sauti ipunguze, utawaua wagonjwa wa presha.

Nje, King'ora alinisubiri kwenye ngazi.

— Hongera. Tuko sawa?

— Harusi nimeisogeza mbele miezi sita.

— Nini? Nani anajua?

— Mama yangu, mama yako, shangazi, fundi wa gauni. Nimewapigia wote alfajiri.

— Bila kuniambia mimi?

Nikamtazama tu, mpaka swali lake likamrudia mwenyewe.

— Inauma, eeh?

— Inauma.

— Ungeniambia siku ileile ningelia na wewe. Halafu ningekuja kufanya mtihani wangu. Sasa hiyo miezi sita ni ya kwako. Kila jioni unakuja, unakaa kwenye kiti, unaniambia ulichokiona barabarani, chote. Sheria unaijua.

— Usiposema, hukufanya.

— Na kwangu hakuna mtihani wa marudio.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bandeji yangu, kaikunja vizuri, akanipa. Akakohoa kidogo.

— Jana nilitembea nayo mguuni mpaka nyumbani, akasema. Nililia njia nzima.

Nilikaa kwenye ngazi, nikamsogezea nafasi.

— Haya, nikasema. Endelea.